Siku Walipotaka Kumbeba Papa Mabegani

Kituo cha mabasi cha Omaha kina viti vya chuma vinavyobana mapaja, na mwezi uliopita nilikaa hapo saa nne nzima nikisubiri basi lililochelewa. Mama mmoja mtu mzima alikuja akakaa kiti cha pili kutoka kwangu, akapandisha suruali hadi gotini, akatoa kichupa mkobani na kuanza kujichua. Harufu ilinifikia kabla sijaiona chupa: mkaratusi, kafuri, na kitu kikali kinachopanda puani kama pilipili. Nilifumba macho. Nikajikuta nina miaka kumi, nimekaa kwenye ngazi za fleti yetu pale Crystal, Minnesota, na Papa amenyoosha mguu wake juu ya mapaja yangu ili nimchue goti kabla ya mechi.

Harufu ile kwangu ni Jumamosi. Wenzangu mliokulia huku Amerika, mkiulizwa Jumamosi ilinukaje, labda mtasema sabuni ya kufulia, au nywele zikinyooshwa kwa chuma cha moto, au mandazi ya kupeleka kanisani kesho yake. Kwetu ilinuka dawa ya kuchua, nyasi zilizokatwa na machungwa. Papa alikuwa mchezaji wa mpira wa Kiaustralia. Aliucheza majira kumi ya joto bila kukosa hata moja.

Najua inasikika kama mzaha. Mtu wa Fizi, Kongo, golikipa wa kambi ya wakimbizi, mpanga maboksi wa ghala moja huko Maple Grove, kila Jumamosi anavaa kaputula fupi inayombana na fulana isiyo na mikono, anaingia uwanjani kushindana na watu kwa mchezo wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Mpira wenyewe una umbo la papai. Unapigwa teke, unadakwa kwa mikono, unapitishwa kwa mwenzako kwa kuupiga ngumi. Nguzo ni nne kila upande. Ukiupitisha kati ya zile mbili ndefu unapata pointi sita. Ukikosea kidogo ukapita pembeni, bado wanakupa moja. Mimi niliipenda sana hiyo moja. Nilimwuliza Papa ni ya nini.

"Ya kukupa moyo," alisema. "Juu umejaribu." Kwa Kiswahili chetu, juu ni kwa sababu.

Viwanja vya mchezo ule havikuwepo, kwa hiyo walivitengeneza asubuhi na kuvibomoa jioni. Walichukua viwanja viwili vya soka vilivyopakana, wakachora yai kubwa kwa chokaa, wakasimamisha mabomba ya plastiki yakawa nguzo. Upepo ukivuma, nguzo ziliinama kusalimiana.

Jinsi Papa alivyoingia mchezoni ni hadithi iliyosimuliwa kila msimu, na kila msimu iliongezeka uzito. Wakati huo alikuwa peke yake Amerika. Alikuwa akitoka dukani kwa miguu, mfuko wa unga begani, akakatiza bustanini, na mpira ukamjia kutoka juu. Hakuwaza. Alinyoosha mkono mmoja akaudaka, unga ukabaki begani, akaurudisha kwa teke lililopita juu ya vichwa vya wote. Jamaa mmoja mwekundu usoni, pua imepakwa dawa nyeupe ya jua, akamkimbilia akipiga kelele. Huyo ndiye Ross, Mwaustralia, fundi wa mapaa, aliyekuja Minnesota kwa ajili ya mke na akabaki kwa ajili ya mvua za mawe, kwa sababu kila zikinyesha yeye anapata kazi. Ross ndiye aliyekuwa msimulizi. Mara ya kwanza niliposikia hadithi ile, unga ulikuwa wa kilo kumi. Mwaka uliofuata ulikuwa ishirini, na mpira ulidakwa kwa vidole viwili.

"Tonton Ross, mwaka jana ulisema kumi," nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza; tonton kwetu ni mjomba.

"Mwaka jana nilikuwa bado nina haya," akajibu.

Wakamwita Unga. Wale watu hawawezi kukaa na mtu bila kumpa jina jingine. Walimwuliza kilichomo mfukoni kinaitwaje kwa lugha yake, akawaambia, basi likamganda. Mama alipokuja Amerika akasikia wanaume wazima wakipiga kelele "Unga! Unga!" nje ya fleti yetu, alishika kiuno, akamwita kwa jina la kaka yangu mkubwa.

"Papa Elia, umevuka bahari yote ile uje kuitwa unga?"

"Afadhali unga," Papa akasema. "Kuna mwenzangu wanamwita Choo."

Papa alitutangulia kwa sababu karatasi zake za ukimbizi zilikuwa tofauti na zetu. Alipoondoka kambini nilikuwa bado nanyonya. Tulipomfuata nilikuwa na miaka minane na nusu, nimevaa koti la mtu mwingine, na mwanamume mrefu pale uwanja wa ndege alipoinama kunikumbatia, nilijificha nyuma ya kaka yangu Elia. Nilimjua kwa sauti tu, ile sauti ya simu inayokatika katikati ya salamu. Sikuwa nimefikiria kwamba ana mwili. Mwili ule nilikuja kujifunza kwa kuuchua: goti la kulia lililokuwa likilia kama mlango, bega lenye mfupa uliojitokeza, kidole cha pete kilichopinda kama ndoano. Nilidhani alama zote zile ni za vita. Darasani niliisimulia habari ya kidole kile mpaka mwalimu akatokwa na machozi. Jioni nikamwuliza Papa ni askari gani aliyekivunja.

"Ni daktari wa meno," alisema. "Wa timu ya Milwaukee. Mutu muzuri sana, aliniletea barafu."

Sikucheka. Niliona wivu. Wale watu walikuwa naye miaka ile yote ambayo sisi hatukuwa naye. Nyumbani kwa Ross palikuwa na picha ya Papa amelala kwenye kochi, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, baridi yake ya kwanza. Ross alijua kwamba Papa hanywi chai bila tangawizi. Mimi hilo niliambiwa na Ross.

Kulikuwa na jambo moja lisilozungumzwa nyumbani. Nyanya, mama yake Papa, ambaye tuliishi naye kambini, alifariki mwaka mmoja kabla ya safari yetu. Papa alipigiwa simu. Mama anasema aliuliza kama jeneza limepatikana, kisha laini ikakatika. Tulipofika hakuuliza zaidi. Mama alingoja aulize, yeye labda alingoja aambiwe, na hivyo miaka miwili ikapita watu wanakula ugali meza moja.

Mimi nilikuwepo. Kwa desturi yetu, mtoto wa marehemu hutangulia mbele na msalaba. Papa alikuwa Minnesota, na Elia, mjukuu mkubwa, alikuwa amelala na malaria hajui hata ni siku gani. Ikabaki mimi. Nilipewa msalaba wa mbao mbili, jina la Nyanya limeandikwa kwa rangi ya mlango iliyokuwa bado haijakauka, na ikanishika viganjani. Watu walijipanga mistari miwili kutoka mlangoni petu mpaka barabarani. Wanaume sita walimweka Nyanya mabegani wakapita katikati. Nilikuwa na miaka saba, na tangu siku ile nilijua kwamba mtu mzima hubebwa mabegani mara moja tu.

Sasa mtaelewa nilichokiona siku ya Keni.

Keni alikuwa mchezaji mfupi mwenye ndevu, mcheshi, aliyenifundisha kuudundisha ule mpira wa papai usinirukie usoni. Ilikuwa mwezi wa saba, msimu wangu wa pili wa kutazama. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu hawakutawanyika kwenda kwenye masanduku ya barafu kama kawaida. Timu zote mbili zilijipanga mistari miwili wakitazamana. Wawili wakamwinua Keni mabegani wakapita naye katikati, watu wakipiga makofi, na Ross, mtu mkubwa kama friji, akawa analia waziwazi. Jumamosi iliyofuata Keni hakuja. Wala ile iliyofuata.

"Yule waliyembeba yuko wapi?" nilimwuliza Elia.

Elia alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa ameanza kutujibu kwa Kiingereza tu, hata Mama. "Amemaliza," alisema, macho kwenye simu. "Harudi tena."

Miezi mingi baadaye ndipo nilipopata habari kwamba Keni alikuwa akiagwa tu, alihamia Arizona na anauza magari. Siku ile nilichukua nilichopewa: amemaliza, harudi, kama Nyanya.

Ndiyo, niliona kwamba Keni alikuwa amekaa, tena alikuwa akicheka. Hilo lilinisumbua wiki nzima, kwa sababu Nyanya hakuwa amekaa. Kisha tukaalikwa sherehe na mke wa mchezaji mmoja, mwenye tumbo la miezi minane. Kulikuwa na keki, maputo, na meza iliyojaa nepi na viatu vidogo kama vidole gumba. Watu walimshangilia mtoto ambaye hajazaliwa. Mama alikaa kwenye ukingo wa kiti, amekumbatia mkoba wake, na keki hakuigusa.

"Mutoto hajatoka, banamununulia viatu," alinong'ona. "Hawa batu hawaogopi?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa sawa kichwani mwangu. Huku watu hufanya mambo mapema. Dukani makoti ya theluji yalitundikwa wakati sisi bado tunatokwa jasho. Shuleni tulijifunza kujificha chini ya meza kwa ajili ya kimbunga ambacho hakijaonekana hata kwa mbali. Mtoto hushangiliwa kabla ya kuzaliwa. Basi na mtu hubebwa mabegani akiwa bado anacheka, na baada ya hapo hurudi nyumbani akasubiri zamu yake. Nilijiona nina akili sana. Niliogopa pia, lakini akili ilitangulia.

Wiki mbili baada ya hapo, Papa alikuwa kwenye kochi na mfuko wa njegere za barafu juu ya goti. Tulikuwa tumemaliza kula. Alisema, kama mtu anayesema kesho ataenda kinyozi, "Ile mechi ya mwezi wa nane itakuwa ya mwisho. Ninaacha."

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

"Watakubeba?" nikauliza.

"Kama bananiweza!" Akacheka. "Tonton Ross amesha kusema anaanza mazoezi ya kubeba."

Nilienda kuosha vyombo bila kuambiwa. Nilifungua mabomba yote mawili, la maji ya moto na la baridi, ili nisisikike.

Mtauliza kwa nini sikumwambia tu. Nyumbani kwetu kifo hakitajwi mbele ya mwenye nacho, ukikitaja umekiita. Ilinibidi nimwokoe bila kutaja kinachomjia. Na njia ilikuwa moja: watu hubebwa kwenye mechi ya mwisho, basi ile isiwe ya mwisho. Nilianza kumbembeleza aendelee. Nilimwambia naupenda mchezo ule kuliko kitu chochote duniani. Nilimwambia wenzangu shuleni wananiheshimu kwa ajili yake. Nilimchua goti asubuhi kabla ya shule ya kiangazi na jioni akirudi kazini, nikimimina dawa kama maji, mpaka ngozi ikababuka na yeye akaanza kuvaa suruali ndefu ili nisilione lile goti.

"Sifa, mwanangu, unanichubua."

"Linapona, Papa. Umeona? Halilii tena."

"Halilii juu limeogopa."

Alinielewa vibaya, tena kwa furaha kubwa. Aliwapigia watu simu kuwaambia binti yake ana mpira damuni. Aliniletea mpira mdogo wa rangi ya njano, akanifundisha kuushika kwa ncha za vidole, nami niliupiga na kuupiga nyuma ya fleti nikitumaini kwamba akiona nimekolea ataona haya kuacha. Mama ndiye aliyechoka kwanza. Alinifumania jikoni.

"Weye! Miaka yote hii mi naomba huyu mutu akae nyumbani Jumamosi, sasa amekubali, na weye unamurudisha kule? Nani amekutuma?"

Nililia, naye akadhani nimelia kwa ukali wake, akanipa parachichi.

Siku moja tukiwa kwenye gari, nilimwuliza Papa mwenyewe. Tulikuwa wawili tu, tunatoka kununua dawa nyingine ya kuchua kwa kuwa nilikuwa nimeimaliza.

"Papa, juu ya nini unaacha?"

Taa ilikuwa nyekundu, akaitazama mpaka ikabadilika na gari la nyuma likapiga honi.

"Juu yenu," alisema. "Nilikosa miaka minane. Niko na Jumamosi chache mbele ya wewe kuwa kama Elia. Nazitaka."

Kumbe anakufa kwa ajili yetu. Nilifungua dirisha nikatoa kichwa nje kama mbwa.

Mechi ile ilichezwa Burnsville, dhidi ya watu waliokuja kwa magari kutoka Chicago. Jua lilikuwa kali, mbu walikuwa wengi, na Mama alikuja kwa mara ya kwanza, amevaa kitenge cha ibada, akakaa kwenye kiti cha kukunja mbali na machungwa yaliyokatwa vipande kwenye beseni. Wachezaji walikuwa wametengeneza ukuta wa karatasi zilizogundishwa, jina la Unga limeandikwa kwa herufi nyekundu. Ni desturi yao: anayeagwa hupasua ile karatasi kwa kifua na kuingia uwanjani. Papa alikimbia, akaipasua, na upande wa pili Ross alikuwa anamngoja na mfuko. Akammwagia unga mzima kichwani.

Watu walianguka kwa kicheko. Papa alisimama pale, mweupe nywele mpaka kope, macho mawili yanapepesa.

"Chakula hicho!" Mama alipiga kelele. "Munamwaga chakula!" Lakini na yeye alikuwa anacheka, amejifunika mdomo kwa kitenge.

Mimi nilimwona Papa amekuwa rangi ya majivu.

Sikumbuki mengi ya mchezo wenyewe. Nasikitika, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi. Papa alicheza nyuma kabisa kama siku zote, karibu na nguzo zake, kwenye kazi ile ile aliyoifanya kambini: kitu kinakuja kutoka juu, wewe ukizuie. Kuelekea mwisho mpira mmoja ulikuja mrefu sana, na watu wanne wakaruka. Papa aliruka wa mwisho na akashuka wa mwisho. Kuna sekunde moja alikuwa juu ya mabega yao wote, goti lake bovu limekunjwa kwenye mgongo wa mtu, unga unamtoka mwilini kama moshi, na mikono yake ikafumba juu ya ule mpira kwa upole kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Hata watu wa Chicago walishangilia. Nilimtazama nikafikiri, mtu huyu hana ugonjwa wowote. Kwa nini wasimwache?

Filimbi ikalia. Walishinda au walishindwa, sijui. Nilichokuwa nakitazama ni miguu ya watu. Ilianza kusogea. Mstari mmoja upande huu, mstari mmoja upande ule. Ross akaja kutoka kushoto akijisugua viganja, mwingine akaja kutoka kulia, wakainama mmoja huku mmoja huku, na Papa akawawekea mikono shingoni.

Nilikimbia. Mama anasema nilipiga teke beseni la machungwa, mimi sikulisikia. Niliifikia miguu ya Papa, nikakaa juu ya viatu vyake vya njumu, nikamkumbatia miguu yote miwili kwa pamoja kama mtu anavyokumbatia mti kwenye mafuriko.

"Musimubebe!" nilipiga kelele. "Musimubebe! Hajakufa! Hajakufa!"

Nilisema kwa Kiswahili, kwa hiyo kati ya watu arobaini waliokuwa pale ni watatu tu walioelewa nilichosema. Mama alisimama, mkono kinywani. Elia alinyanyua macho kutoka kwenye simu. Wengine walikuwa wanatabasamu, wakidhani ni mtoto mwenye aibu, na makofi yalikuwa yameanza na yanaendelea.

Papa aliwatoa mikono shingoni. Alijaribu kuchuchumaa, goti likakataa, basi akakaa tu chini, kwenye nyasi, nikawa mbele yake uso kwa uso.

"Sifa. Nani anakufa?"

"Wakikubeba haurudi."

"Nani alikuambia?"

"Keni hakurudi," nilisema. "Nyanya hakurudi."

Uso wake ulibaki vile vile, ila kifua kiliacha kupanda na kushuka. Nilidhani nimemwua mimi mwenyewe, kwa kutaja. Nilimshika masikio nikamtazama machoni kuhakikisha.

"Nyanya," akasema. Halafu, taratibu, kama mtu anayekanyaga barafu ya ziwa asiyojua unene wake: "Walimubeba bangapi?"

"Sita."

"Unawajua?"

Niliwajua. Pasta alikuwa mbele kulia. Mbele kushoto alikuwa mwenye duka la chumvi, ambaye Nyanya alikuwa amemtukana wiki mbili kabla, na alikuja hata hivyo, na alilia kuliko wote. Papa alitoa sauti fulani, nusu kicheko. Nikamtajia wale wanne waliobaki. Aliuliza kama mvua ilinyesha. Nilisema jua lilikuwa kali kama hili. Aliuliza walimvalisha nini, nikamwambia lile gauni la bluu la kwaya, na kitambaa chake cha kichwa kilifungwa vibaya mpaka Mama akakifungua akakifunga upya. Aliuliza waliimba nini, nikaanza kumwimbia, sauti ikanikatika, akaendeleza yeye kidogo, chini chini, mpaka naye ikamkatika.

"Na musalaba alishika nani?"

"Mi."

"Elia?"

"Elia alikuwa mugonjwa. Walisema mi nishike mahali pako."

Makofi yalikuwa yamepungua, yakabaki ya mtu mmoja mmoja, wasijue waendelee au waache. Ross alichuchumaa karibu nasi, mikono yake mikubwa inaning'inia katikati ya magoti.

"Unga? Uko sawa, rafiki?"

Papa alimjibu kwa Kiingereza, polepole, kila neno peke yake. "Binti yangu ananipeleka kwenye mazishi ya mama yangu."

Ross alimtazama, akanitazama. Miaka yote ile, kochi lake, chai ya tangawizi, sidhani kama aliwahi kuambiwa kwamba Papa alikuwa na mama. Alisimama. Alienda kwenye mstari wa kwanza akamwambia wa kwanza maneno machache, na huyo akamwambia aliye jirani yake, nikawaona wanaambiana mmoja mmoja mpaka mwisho, kisha upande wa pili, mpaka watu wa Chicago ambao hawakutujua kabisa. Makofi yakaisha. Mmoja alivua kofia. Wakavua wote. Watu wazima wenye kaputula fupi, matope magotini, wamesimama mistari miwili kwenye uwanja wa Burnsville, kimya, mpaka nikasikia magari ya barabara kuu.

Ross alirudi. "Bado tukubebe?" aliuliza.

Papa alitikisa kichwa. "Nitatembea."

Alimshika Ross mkono akainuka. Mama alikuwa amefika. Alisimama upande mmoja na Elia, na simu ya Elia haikuwa mkononi. Papa aliutazama ule ujia mrefu wa watu, akajipangusa uso kwa fulana, unga na jasho vikawa uji. Akanigeukia.

"Ulitembea aje na musalaba?"

"Polepole."

"Nionyeshe."

Nilikwenda mbele yake. Nilinyoosha mikono, viganja vikitazamana, nikishika kitu ambacho hakikuwepo, kama nilivyofundishwa, kisiguse kifua na kisiinamie upande. Nikaanza. Nyuma yangu nilisikia njumu zake zikikanyaga nyasi, na pumzi yake, na goti lake likilia kila hatua ya pili. Mara moja alinikaribia sana. Nikageuza kichwa nikamwambia, "Papa, si mbio hivyo," naye akapunguza mwendo.